Maji Ijumaa, Siyo Kabla

Neema wangu,

Naandika nimesimama, karatasi juu ya meza ya miche, maana nikikaa nalia, na nikilia siandiki. Ungeniona ungesema, "Kabula, una siafu miguuni?" Ninao. Tangu uondoke sijatulia hata siku moja.

Kuna jambo sijakuambia. Unakikumbuka kikaratasi ulichobandika kwenye trei ya mpunga wako wa majaribio: MAJI IJUMAA. SIYO KABLA. Jumanne ukalazwa, ule ugonjwa wako wa selimundu umekubana kifua tena. Jumatano asubuhi nikaja na ile chupa yako ya bluu, nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Muuguzi akaniambia pole. Chupa ilikuwa imejaa.

Miaka yote hii, kwa kuwa kiu huichochea selimundu, swali langu kwako lilikuwa moja tu: "Umekunywa maji?" Ulinichoka, ukaniita mama mkwe. Siku ile sikujua pa kwenda, nikarudi kazini, kwenye kitalu. Mpunga wako ulikuwa umejikunja majani kwa kiu. Kikaratasi nilikiona, Neema. Nilikisoma. Nikaumwagilia wote, chupa ikaisha, nikaenda kuchota mengine.

Nilichoharibu nakijua, si ulinieleza mara mia huku unanimalizia dagaa zangu? Mmea ukibanwa na ukame, seli zake hubandika protini ndogo juu ya protini nyingine, ili zibadili kazi na mmea uvumilie. Shida ikipita, vimeng'enya huja kuzibandua, maisha yanaendelea. Mpunga wako ulikosa kimeng'enya kimoja cha kubandua. Ulitaka kujua: ukikaushwa kweli kweli, halafu ukapewa maji, utarudi au utabaki umeshikilia shida iliyokwisha? "Kubandika si kazi," ulisema, "kazi kubandua." Nikakujibu hiyo ni ndoa ya dada yangu wa Buhongwa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Tulikuzika Ijumaa. Jumatatu bosi wetu akakuta mpunga umesimama, kijani kibichi, akashangilia akidhani umevumilia kiu mpaka Ijumaa. Sikusema kitu. Siku ya kuanua tanga, pale kwenu Kiseke, akasimama mbele za watu akamwambia mama yako kwamba mpunga wa binti yake umeushinda ukame. Mama akapiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Mimi nimejificha nyuma ya sinia la wali kama mwizi. Halafu shangazi yako akagawa vitu vyako, mimi nikapewa mkoba. Ndani kulikuwa na bahasha ya mbegu za mpunga ule ule, na mwandiko wako juu.

Jamani, hiyo bahasha! Sikulala nayo vizuri hata mara moja.

Jana nikamwambia bosi. Alifoka, akafuta matokeo yote ya jaribio, na ana haki. Nikaenda moja kwa moja kwa mama yako. Hata shikamoo niliisahau. Nikamwambia mpunga haukushinda chochote, niliunywesha mimi, na siku ile alipopiga kigelegele nilijua. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka nikatamani anitukane. Kisha akauliza, "Uliumwagilia siku ile ile?"

Nikasema ndiyo, mama, siku ile ile.

Akaweka ungo chini. "Afadhali. Kuna cha mwanangu kilichopata maji siku ile."

Nililia pale pale, kwenye mkeka wake, na yeye akalia. Ila hakuniacha hivi hivi. Wakati naondoka alinisindikiza mpaka njiani akasema, "Sasa kafanye alivyoandika."

Leo asubuhi nimepanda mbegu zako. Kikaratasi nimekibandika tena, kimechakaa pembeni lakini kinasomeka. Zikikua zitakaushwa jinsi ulivyotaka, hata zikijikunja, hata mimi nikizunguka kitalu kama kuku anayetaka kutaga. Siku hizo chupa yako nitaiacha kwa mama yako, maana mkono wangu naujua.

Kwaheri, rafiki yangu. Pumzika, mimi bado siwezi. Nakuahidi, safari hii nitasubiri Ijumaa.

Kabula