Seli Nyeupe za Mama

Nyumbani kwa Shangazi Marcella,
Makongeni, Homa Bay.
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Levi,

Hujambo huko Doha? Natumaini wewe na Celestine mna afya, na joto halijawazidi. Wanangu ni wazima. Baba mdogo Javan bado analalamikia mgongo, lakini kila Sabato sauti yake inaishinda kwaya nzima. Salamu zimetosha. Sasa nisikilize.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu tangu Pasaka hupokei simu zangu. Mayaka anarudi kazini huko Ijumaa, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi. Isome yote.

Mwezi wa Desemba nilikutumia picha ya majibu ya damu ya Mama, yale ya kabla ya matibabu. Wakati huo alikuwa ameshapata dripu mbili za saratani ya titi. Nywele zilikuwa zinanyonyoka, lakini alikuwa anakula, na uvimbe ulikuwa umeanza kulainika. Ukapiga simu, tukaiweka kwenye spika, jamaa wote wamekaa pale nyumbani kisiwani, Sena. Ukasema, "Mama, seli zako nyeupe ni nyingi kupita kiwango. Kinga yako ina nguvu. Hizo dripu zitaiua bure."

Wazee wakaitikia, maana kifungua mimba amesema. Levi, wewe ni fundi wa viyoyozi. Mimi nashona sare za shule, na sikuona aibu kusema tumuulize daktari kwanza. Ukaniambia nisikuharibie mazungumzo na mama yako. Mama yako! Mimi niliokotwa wapi?

Ukaagiza ile mikebe minne ya unga wa kuongeza kinga. Ilifika mpakani Isebania kwa lori, na mimi ndiye niliyetoka kisiwani kwenda kuichukua. Hilo sijisamehe. Miezi mitatu Mama amekoroga unga kwenye uji, amekosa kliniki zote, na uvimbe umepanda hadi kwapani. Mwezi wa Aprili hakuweza tena kuinua mkono kuanika omena.

Nikamleta hapa Homa Bay. Daktari Bosibori alipima damu upya, akatafuta maambukizi, hakuyaona. Nikamwambia maneno yako yote kuhusu wingi wa seli. Hakucheka. Alisema, "Ni nyingi, ndiyo, lakini nyingi kati yake hazijakomaa."

Akanieleza polepole. Seli nyeupe huzaliwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, na huko ndiko zinakolelewa hadi ziwe tayari kwa kazi. Saratani hii haikukaa titini tu. Inatuma ujumbe kwa njia ya damu, nao uboho unaanza kusukuma nje seli mbichi, kwa haraka, kabla ya wakati wake. Zikifika kwenye uvimbe hazipigani nao. Zinauzunguka, zinaulisha, na zile zilizokomaa zikija kushambulia, zinazizuia. Ule wingi ulioufurahia, Levi, ulikuwa ugonjwa wenyewe unazungumza!

Nikamuuliza kuhusu unga. Akasema hakuna unga unaoweza kuikomaza seli iliyotolewa mbichi. Hata zile dawa mpya za kuamsha kinga zinaweza kushindwa, kama seli zinazoamshwa zimezingirwa hivyo. Kwa Mama, lazima dripu ziupunguze uvimbe kwanza ili ujumbe wake kwa mfupa upungue. Kisha wataangalia njia nyingine. Hakuniahidi kupona. Alisema miezi hiyo mitatu hairudi.

Na unajua Mama alijibu nini alipoambiwa arudi kwenye dripu? "Nyathina Levi hajasema." Mtoto wake hajasema! Daktari amesimama mbele yake, mimi nimepiga magoti sakafuni, naye anasubiri sauti yako. Nilikupigia mara kumi na moja siku hiyo.

Basi nikadanganya. Nilitoka nje, nikarudi nikamwambia umepiga, umesoma majibu mapya, umesema arudi kwenye dripu upesi. Akasimama palepale akatafuta viatu vyake. Dripu imeingia jana, Jumanne, na leo ametapika kidogo tu. Anawaambia wagonjwa wote wa chumba kile kwamba mwanawe wa Doha alifikiri tena akaona, kwa sababu ana akili. Mimi nashika beseni.

Kwa hiyo mpigie. Usiombe msamaha kama hutaki, nitaishi bila huo. Ila akikushukuru kwa ushauri wako, itikia. Ukikana, atang'oa mpira wa dripu mkononi, na safari hii nitamwambia kila mtu ni nani aliyemzuia.

Msalimie Celestine, naye asiwe na wasiwasi, hasira yangu haimhusu. Shangazi Marcella anakusalimu, Javan pia. Mungu akulinde huko uliko, na akupe unyenyekevu wa kupokea simu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Phelesia Adhiambo