Ramazani, Bado Ninafungua Sangala

Ramazani, ndugu yangu,

Umeniachia kazi mbaya, na leo nitakuambia wazi, hata kama watu wanasema marehemu hagombezwi. Wewe ulikuwa wa kuleta samaki, mimi wa kuwapasua. Ndivyo tulivyogawana tangu kituo cha kuchunguza samaki kilipofunguliwa hapa Baraka. Ulikuwa unaingia umelowa mpaka kiunoni, unamtupa sangala mezani, mkubwa kama mtoto wa shule, unasema, "Haya, muulize jana alikula nini." Nachukua kisu, nafungua tumbo. Kilichomo, samaki wengine kama ndagala au mukeke, au uduvi, kinaingia katika chupa ya dawa ya kuzuia kuoza, na Dokta, mkubwa wa kituo, anaandika. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, kule kwa Waingereza, wanafanya vilevile kwa samaki wao, na boti inavusha chupa zao na zetu. Mjini walituita mafundi wa matumbo. Ulicheka tu. "Samaki haombake ruhusa ya kuvuka," uliwaambia, "ndiyo maana tunamufata pande zote."

Sasa wewe umo ndani ya ziwa hilohilo, na mimi bado nina kisu mkononi.

Mtumbwi wako ulionekana upande wa Ubwari, umepinduka, kamba ya kupimia maji ingali imefungwa. Watu wa Ubwari walikutafuta, wa Kazimia walikutafuta. Hakuna. Shehe alikusalia bila mwili. Akamwambia mama yako kwamba aliyekufa maji ni shahidi, na Mungu anajua alipo. Mama Zaina alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote. Kisha akauliza, "Na mi, nizike nini?" Ee Rama, tulikuwa wanaume wengi pale barazani, tukaanza kukunja mikeka.

Tangu siku ile Baraka iliacha kula sangala. Hakuna aliyekataza. Ndagala waliliwa, wale wadogo hawana ubaya. Lakini mvuvi akipita sokoni na sangala, bamama walikuwa wanageuza uso, wanajifanya wanapanga mihogo. Sababu unaijua, usinilazimishe kuiandika. Basi wavuvi wakawa wanawaleta wote kituoni, kwa bei ya bure, na meza yangu inajaa mpaka wengine nawalaza chini kwenye majani. Dokta anafurahi. Anasema wenzetu wa ng'ambo watatuonea wivu. Mungu anisamehe, siku aliyosema hivyo nilitaka kumpiga na sangala usoni.

Kila nikishika tumbo la samaki naomba. Si sala niliyofundishwa misheni. Naomba tu: asiwe yeye, asiwe yeye. Mke wangu hataki nimbebe mtoto mpaka nijisugue kwa sabuni na majivu. Simlaumu. Hata mimi mikono hii siipendi. Niliwaza kuacha kazi, nirudi Fizi kulima. Nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Ndipo mama yako alipokuja kituoni. Nilidhani amekuja kunilaani, nikasimama kupokea. Hakunilaani. Aliketi chini nyuma yangu, akavuta kitenge chake juu ya magoti, akasema, "Fungua, mutoto wangu. Kama ni yeye, mi niko hapa."

Nilifungua wa kwanza: ndagala. Akasema, "Mwingine." Na mwingine. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Hakuna tumbo lililonipita bila yeye kuinuka kutazama. Dokta alisema mama huyu anazuia kazi. Nikamwambia, "Huyu ni mama yangu." Alitutazama, akatoka nje kuvuta tumbako yake. Asubuhi iliyofuata nilikuta kiti cha mama nyuma ya meza. Dokta sikumshukuru. Ningemshukuru ningelia, na kulia mbele yake sikutaka.

Rama, mimi sikuelewa mama yako alitaka nini. Wakati mwingine niliona anaomba akupate, walau kifungo cha shati apeleke makaburini. Wakati mwingine, nikisema "ndagala tena, mama," nilimsikia akishusha pumzi. Alikuwa amekonda. Nyumbani kwenu jiko lilikuwa halina moto, anakula anachopewa na jirani, akikumbuka.

Kisha wavuvi wa Makobola walileta yule mkubwa. Nilimgusa tumbo, kidole changu kikakutana na kitu kigumu. Nilirudisha mkono. Nilitaka kumdanganya kwamba kisu kimekufa makali, nikakinoe. Lakini alikuwa ameshauona uso wangu.

"Kata."

"Mama, twende kwanza nje."

"Wilondja. Kata."

Nilikata. Hakunisubiri. Aliingiza mkono wake mwenyewe, mpaka kwenye kiwiko, akakitoa kile kitu, akakiosha taratibu katika beseni, namna ya kumwosha mtoto mchanga. Kilikuwa kuhe mzima, amekunjwa, mapezi yake magumu yamesimama. Alimgeuza huku na huku. "Ni samaki," akasema. "Ni samaki tu." Akaanza kulia, Rama. Msibani hakulia, watu walisema ana moyo wa jiwe. Siku ile alilia kwa sauti mpaka Dokta akaja mlangoni, akaona, akavua kofia.

Alipomaliza, aliomba yule sangala. Nilimbebea mpaka nyumbani kwenu. Aliwasha moto, akampika kwa mawese, akasonga bugali, akaita majirani. Walikuja, wakasimama uani, hakuna anayekaa. Mama Zaina alinawa, akamega tonge, akachovya, akala. Alitafuna muda mrefu. Nilidhani atatapika. Akameza, akawaambia, "Mukuje, mutakula baridi." Ndipo wa kwanza akakaa. Nilikula na mimi.

Aliponisindikiza njiani alinishika mkono, mkono huuhuu. "We endelea na kazi yenu," alisema. "Lakini siku utamuona, usiniambie. Mi leo nimemuzika."

Basi sangala wamerudi sokoni, na mzigo wangu nimeufungua. Usiku nalala, wakati mwingine. Ulikuwa unacheka Kiswahili changu cha misheni, unasema niandike kama muntu. Haya, ndicho nilicho nacho, kipokee.

Kwaheri, ndugu yangu. Nina ahadi moja ya kukupa, na ni nzito kwangu kwa sababu kazi hii tuliipenda wote wawili. Dokta alitufundisha kwamba kila kinachotoka tumboni kiandikwe, hata kijiwe, maana wenzetu wa ng'ambo wanatuamini, na sisi tunawaamini. Sijawahi kuficha hata uduvi mmoja. Lakini kikitoka kitu chako, Rama, hakitaingia katika chupa, wala boti haitakivusha. Nitakifunga katika sanda nyeupe, nitamwita shehe peke yake, na tutakuzika. Dokta nitamwambia tumbo lilikuwa tupu. Na mama yako akiniuliza jioni nimeona nini leo, nitamtazama machoni, nitamwambia: ndagala.

Wilondja wako