Mama Mukwe Anawasha Kompyuta Inayokufa

Mpendwa Yaya Régine, dada yetu mkubwa unayejibu barua zetu, naomba unisaidie na unisaidie upesi, maana hata sasa ninapokuandikia kompyuta yangu inagonga ndani ya chumba ambacho siruhusiwi kuingia.

Mimi naitwa Ghislain, ni mpiga picha hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, harusi napiga mimi, ubatizo napiga mimi, kilio napiga mimi, na mke wangu ni Cadette, na baba yake, Tata Mwenze, alituacha mwaka jana, lakini kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye kiti mbele ya nyumba nikamchukua video, akaeleza walivyovuka ziwa wakikimbia vita, akawataja watoto na wajukuu mmoja mmoja akiwabariki, katikati ya baraka akasimama kumfukuza kuku aliyekuwa anadonoa mihogo iliyoanikwa, akamtukana kuku yule kwa ufasaha mkubwa, kisha akarudi kwenye baraka kama vile hakuna kilichotokea, na video hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani, na iko kwenye kompyuta yangu tu.

Sasa wiki ijayo tunaondoa kilio, yaani tunamaliza matanga, wajomba wa Cadette wanavuka ziwa kutoka Pweto, na video itaonyeshwa mbele ya watu wote. Mama Kapinga, mama mukwe wangu, ametangulia kufika, tukampa kwa heshima chumba chenye sakafu ya simenti, na hicho ndicho chumba cha kompyuta. Yaya, unatujua sisi Waluba, mukwe mwanaume haingii anapolala mama mukwe, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Basi Cadette akamwonyesha mama yake pa kubonyeza, na tangu siku hiyo Mama anamwangalia mumewe asubuhi mpaka jua linazama. Namsikia kupitia ukuta. Tata akisema, "Kapinga, funika ile mihogo," yeye anajibu, "Nimekwisha kufunika, we mwanaume!" Wakifika kwa kuku anacheka mpaka anakohoa.

Ningefurahi naye, lakini diski, yaani kile kisanduku cha ndani kinachotunza kila kitu, imeanza kulia ka, ka, ka, kama mtu anayepasua karanga, na picha inakwama. Nilimuuliza Boyd, fundi wa simu sokoni Nchelenge, akaniambia, "Mudala, mzee wangu, hiyo ni mgonjwa wa kufa. Ifunge kwenye plastiki, uilaze ndani ya friza na samaki, itaamka."

Lakini nitaichukua vipi? Nikajaribu kwa adabu. Nilisimama uani nikamwambia mbuzi wetu kwa sauti kubwa, ili Mama asikie, "Weye mbuzi, ile mashine iko mugonjwa! Bakiiwasha sana itakufa!" Mbuzi akanitazama. Kisha sauti ikatoka dirishani, "Mbuzi, ambia ule mwenye alikutuma kwamba jua ni ya Mungu. Kama ananinyima umeme, anionyeshe faktire, ile karatasi ya deni, yenye Mungu alimuletea."

Nikashindwa. Nikaanza kupanda juu ya nyumba kwa siri na kufunika paneli ya jua kwa gunia. Betri ya kompyuta ilikufa zamani, kompyuta inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, kwa hiyo nikifunika tu, puu, inazimika. Mama anasema, "Jua ya Zambia iko ya namna gani?" Nashuka nikiwa na amani, lakini Cadette akitaka kuchaji simu lazima niondoe gunia, na Mama anawasha tena, na nami napanda tena, na majirani wameanza kuuliza kama nyumba inavuja.

Utasema nimweleze Cadette. Yaya, siwezi. Siku ya mazishi wajomba waliniuliza kama video imetunzwa vizuri, nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema nina kopi mahali patatu. Sina hata kopi moja. Flash niliyoinunua kwa kazi hiyo nimeijaza nyimbo za korali. Nifanye nini bila kuvunja heshima ya mama mukwe?

Ghislain, Mantapala

*

Ghislain, mara ya kwanza kusoma barua yako nilicheka. Mara ya pili nilitafuta kiatu cha kukutupia.

Pole kwa msiba, na hongera kwa kumkalisha mzee kwenye kile kiti. Wangapi katika kambi hii wamezika baba zao wakabaki na picha moja ya kitambulisho? Wewe ulifikiri mapema. Halafu ukaacha kufikiri kabisa.

Tuanze na hiyo heshima unayoipeperusha. Nimesoma vitabu vingi juu ya desturi za watu wetu, vingine vimeandikwa na wazungu ambao hawakuwahi kuwa na mama mukwe hata siku moja, na hakuna hata kimoja kinachosema mukwe akae kimya nyumba inapoungua. Desturi imekukataza kuingia chumbani. Haikukukataza kusema kweli. Tena, kwa sababu wazee wetu hawakuwa wajinga, imekupa mjumbe anayeingia chumba hicho saa yoyote anayotaka, anayelala kitanda kimoja na wewe, anayeitwa Cadette! Ukampita mjumbe huyo, ukaenda kumtuma mbuzi.

Humwogopi Mama Kapinga, mudogo wangu. Unamwogopa mke wako, kwa sababu ulidanganya ukoo wake mbele ya jeneza. Uongo huo umeuvalisha kitenge cha desturi ili tuusalimie njiani. Mimi siusalimii. Nimechoka na wanaume wanaokumbuka mila siku ile tu wanapotaka pa kujificha.

Na gunia! Nilipofika kwenye gunia niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Sikiliza. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na juu yake kuna mkono mdogo unaosoma bila kuigusa. Ukikata umeme ghafla, mkono huo unarushwa kando kwa nguvu, na kilichokuwa kinaandikwa wakati huo kinaweza kuharibika. Mama Kapinga ameichosha diski kwa mapenzi. Wewe umeipiga rungu kutoka juu ya paa, kutwa mara kadhaa, ukashuka na amani yako.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya chakula, mwite Cadette nje umwambie yote. Usianze na habari za kompyuta. Anza na uongo, ndio utakaomwuma. Atapiga kelele, na ana haki, usimjibu. Akimaliza, aingie kwa mama yake amwambie hivi, "Mama, mashine inayomtunza Tata inakufa, na kila tukiiwasha inakufa zaidi. Tuipumzishe ili tumtoe humo." Mwanamke aliyevuka ziwa hili akikimbia vita anaelewa maana ya kumtoa mtu mahali. Ni wewe uliyeamua kwamba hataelewa.

Cadette aizime kwa utaratibu, sio kwa kuchomoa waya, kisha mtu yeyote asiiwashe tena. Asiiwashe "kuangalia tu kama bado iko". Boyd apewe ujumbe wangu: friza ni ya samaki. Diski ikitoka kwenye baridi inatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo yanaua kilichobaki. Msiigonge, msiianike, mchungaji asiiwekee mikono kwa nguvu. Na mtu asithubutu kufungua kifuniko cha diski yenyewe kwenye vumbi letu la Mantapala, hata akiapa kwamba ana cheti.

Boyd ana bisibisi ndogo, basi afanye kazi anayoiweza: afungue kompyuta upande wa chini, aitoe diski ilivyo, aiweke kwenye lile kasha dogo lenye waya wa USB, aiunganishe na kompyuta nyingine iliyo nzima. Hiyo kompyuta ikiuliza kama mnataka kuifomati diski, mseme hapana! Ikiuliza tena, hapana! Kisha mkopi video ya Tata Mwenze kwanza, peke yake, bila kuifungua kuitazama. Harusi za watu zitafuata kama pumzi bado ipo. Ikigoma, au ikigonga kwa nguvu zaidi, muache hapo hapo. Lusaka na Lubumbashi kuna watu wenye vyumba na vifaa vya kazi hiyo. Ni ghali, na hawaahidi kitu, lakini hawatapata cha kuokoa kama nyinyi mmekwisha kukisaga.

Video ikipatikana, futa nyimbo za korali, korali bado ina midomo. Weka kopi kwenye flash, nyingine kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na nyingine iende na wajomba Pweto. Kisha iwekwe kwenye simu, na simu hiyo Cadette ampe mama yake, amtazame mumewe usiku na mchana bila mtu kumpandia juu ya paa.

Wajomba utawaambia mwenyewe, umesimama, kabla hawajakaa kula. Usisubiri watu wakae mbele ya kioo cheusi.

Na kama diski imekwisha kufa, sitakudanganya, huenda imekufa, usikimbilie kuomba radhi tu. Mama Kapinga ameisikia sauti ile asubuhi na jioni, anajua kila jina lilipotajwa na mahali mzee alipopumua. Cadette akae naye, wawashe simu irekodi, wamwombe aseme yote aliyoyasema mumewe, na matusi ya kuku yasirukwe. Wewe kaa nje ya ukuta kama kawaida yako, usikilize. Mama akimaliza tu, kabla hajanywa maji, toeni kopi.