Kenge wa Sanduku la Mamba

Jumatatu, 7 Machi 2022
Kutwa nzima kwenye hadubini. Sanduku la mamba wachanga: vipande vya taya vilivyogeuka mawe, kila kimoja kama punje ya mchele. Kipande cha 41 kimenigomea. Jino la mamba huota kwenye kishimo, kama letu. Hili halina kishimo! Limeshikana na ubavu wa taya, upande wa ndani. Hivyo ndivyo yalivyo meno ya mijusi.
Nimetengeneza meno bandia miaka thelathini na minane. Jino lililopandwa na jino lililobandikwa nayajua.
Raymonde, tunayechekecha naye udongo wa machimbo, anasema meno bandia yamenipanda kichwani. Shoga yangu huyo!

Jumanne, 8 Machi
Nimelisafisha kwa brashi. Shina la jino lina mikunjo, kama marinda ya sketi. Kenge! Kenge au jamaa yake wa karibu.
Bastien, mkuu wa makumbusho yetu, alijikuna ndevu. Orodha ya mkusanyiko wetu inakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa ya wiki ijayo, na lebo ya sanduku la mamba kaiandika Profesa Lorgnac kwa mkono wake.
"Sasa Bi Maylis, nimpigie mzee nimwambie nini?"
"Mwambie kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo."
Akacheka. Lakini akapiga.

Alhamisi, 10 Machi
Jibu la Profesa kutoka Toulouse. Jino moja tena bovu si ushahidi. Bastien alinipunguzia makali, ila simu niliisikia mwenyewe: mtengeneza meno bandia abaki na gundi yake.
Nililia chooni, kidogo. Kisha nikapandwa na hasira. Hasira inafaa kazi.

Ijumaa, 11 Machi
Udongo wa mfuko uleule kilimotoka cha 41. Hakuna kitu. Macho yanawaka moto.

Jumatatu, 14 Machi
NIMEPATA! Kipande kingine, meno matatu. Nimekisogeza kwenye cha 41 — vikaumana! Hata unywele haupiti. Taya moja, meno manne, yote yana marinda, kishimo hata kimoja hakuna.
Raymonde aliangalia, akanibusu mashavu yote mawili. Anasema nimsamehe, huyu hata kipofu anamwona ni kenge. Tumekula keki ya kokwa za jozi saa nne asubuhi, nzima, sisi wawili.
Bastien katuma picha. Profesa anakuja mwenyewe keshokutwa.

Jumatano, 16 Machi
Amefika. Salamu kavu. Koti hakuvua, amekaa moja kwa moja kwenye hadubini. Naandika hapa hapa mezani, mikono ipate kazi. Raymonde anaosha chekecheo lililo safi. Bastien kasimama mlangoni na kahawa ya mgeni, imepoa.
Dakika kumi. Anaigeuza taya. Anaigeuza tena.
Ameshusha pumzi. "Miaka kumi na tisa," anasema, hasemi na mtu. "Miaka kumi na tisa kimelala sandukuni mwangu."
"Na mamba wote wale!" — Raymonde, mdomo wake!
Amecheka! Profesa amecheka! Anavua koti. Anaomba orodha. Mstari wa 41 ameukata, wote. Anaandika jina jipya, polepole. Sasa anaandika "kimetambuliwa na". Ananigeukia, kalamu hewani.
"Delpuech," analitaja jina langu la ukoo. "Samahani, Bi. Mwishoni ni c na h, au —"