Mtaa Usio na Milango

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, marahaba. Mimi sijambo. Mgongo tu ndio unalalamika, na huo umezoea kulalamika tangu nilipokubeba. Wewe je? Kikohozi kimekwisha, au bado unachomelea mageti ya watu bila kujifunga kitambaa puani? Sema kweli, maana ukidanganya nitajua hata kwa mwandiko.

Kufuli ulilonitumia limefika. Dereva wa lori alilifunua kwenye shuka taratibu utadhani ni kitoto kichanga. Ni zuri, zito, na nimelicheka mpaka machozi. Sababu nitakueleza. Na kuanzia sasa barua zetu atabeba yeye kila akipita, maana simu siiamini. Siku hizi hapa mtu anasimamishwa njiani, simu inachukuliwa, inasomwa, anarudishiwa na asante juu.

Wanaofanya hivyo ni Mpole na vijana wake. Unamkumbuka Mpole, yule aliyekuwa akiuza miwani pale kona, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa mguu. Sasa anauza dawa za kulevya, na ghala lake ni sisi mafundi. Wewe umekulia hapa, unajua adabu ya mtaa wetu. Mtu akiwa na safari anaacha mzigo wake kwa jirani, anasema "niwekee," na jirani hafungui wala haulizi kuna nini. Kuuliza ni kumwambia mwenzio kwamba humwamini. Mpole ameiona adabu hiyo akaikalia. Kijana wake mmoja anapita asubuhi, "mama, niwekee," na mwingine anakuja jioni kuchukua. Kwangu wamepita mara nyingi tu. Sikuuliza, lakini nilijua, na kila mmoja wetu alijua.

Aliyekataa ni Fundi Viatu, jirani yangu wa kushoto. Wakamchomea kibanda naye yumo ndani. Ametoka hai, lakini mikono yake haishiki tena sindano.

Basi Jumapili tukakutana shuleni, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya darasa la kwanza. Wote wanalia, hakuna anayesema tufanye nini. Nikasimama mimi. Nikasema wanaficha kwetu kwa sababu tuna pa kufichia. Tung'oe milango. Tutoe mapazia, tutoe masanduku chini ya meza, mtu akipita barabarani aone mpaka ukuta wa nyuma. Na mzigo wowote ukiachwa, ufunguliwe mbele ya majirani wawili, hata uwe wa nani. Walicheka. Kisha seremala akauliza aanze na mlango wa nani, nikamwambia wangu.

Sasa umejua kwa nini nimelicheka kufuli lako.

Mimi mama yako.


Tarehe 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kipo kidogo, usihangaike nacho. Mengine yote ni salama, isipokuwa barua yako imeninyima usingizi.

Mama, mimi kazi yangu huku ni kuwafungia watu milango ya chuma. Kila siku naingia nyumba ambayo ina geti, nyuma ya geti mlango, nyuma ya mlango nondo, na bado mwenye nyumba ananiuliza kama inatosha. Halafu mama yangu mzazi anang'oa mlango mbele ya watu waliomchoma jirani yake moto. Nimweleze nani anielewe?

Na mlango wenyewe ni ule alioutengeneza baba. Nilishika misumari yake siku ile, mimi mwenyewe.

Nakuomba, kama hujaung'oa, usiung'oe. Waache wenye nguvu wapigane nao. Ukiwa mtaani peke yako na cherehani yako utamzuia nani? Funga kibanda, uje huku ukae na mimi. Chumba ni kidogo lakini tutajibana.

Nisalimie Fundi Viatu. Na rafiki yako Mama Vifungo, na kikapu chake cha vifungo vya kuuza, mwambie shati ulilonishonea mwaka juzi limechakaa nguo yote, vifungo vyake tu ndivyo vimebaki imara.

Mwanao.


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, na kikohozi "kidogo" nimekisoma kama kilivyo. Kunywa maji ya moto, uache ubishi.

Mlango nimeshaung'oa. Sikukuficha, ila lori lilichelewa. Seremala alipotoa bawaba ya mwisho nililia, siwezi kukudanganya, maana nilimwona baba yako pale akiwa na penseli sikioni. Lakini mlango haukutupwa. Seremala ameulaza juu ya miguu minne na sasa ndio meza yangu ya kukatia nguo. Ni pana kuliko ile ya zamani, na alama ya kidole gumba chako ipo kwenye rangi mpaka leo.

Wala siko peke yangu. Baada ya wangu ulitoka wa kinyozi, halafu wa muuza vitambaa, halafu wa Mama Vifungo kule mwisho. Ukipita sasa unatuona wote tulivyo, mpaka anayesinzia. Usiku tunapeana zamu ya kulinda, wanaume na wanawake. Vijana wa Mpole walizunguka siku mbili tatu na mizigo yao kwapani, wakaondoka nayo.

Kisha akaja Mpole mwenyewe. Alileta suruali nimpunguzie kiuno. Akaketi, akasifia meza. Akasema, "Mama, hapa sasa pana hewa nzuri. Ila mtu asiye na mlango analalaje?" Nikamwambia analala kwa zamu. Akacheka kidogo. Nilimpima kiuno mara mbili nikasahau namba zote mbili, na nina hakika aliona, maana aliniambia nisiwe na haraka, suruali ataifuata. Mwenda pole hajikwai, mwanangu, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wale wanaopiga kelele.

Jambo moja tu linaniuma. Sheria yetu ya kufungua mizigo imeleta mkwaruzo. Jana muuza vitambaa alimfungulia kinyozi mfuko, zikatoka nguo zake za ndani mtaa mzima ukaziona. Tumecheka, lakini kinyozi hakucheka. Adabu ya miaka yote haivuliwi kwa siku moja.

Salamu zako nimezifikisha. Mama Vifungo amefurahi, ingawa siku hizi hana maneno mengi. Nilimuuliza kama anaumwa akasema ni uchovu.

Mama yako.


Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili naandika bila jibu lako. Ile ya kwanza, dereva anasema alipoileta alikuta meza na cherehani, wewe hakukuona, na majirani walipomwona wakajifanya wana kazi. Alipouliza sana, kinyozi alimwambia, "Mwambie kijana wake asubiri."

Nisubiri nini? Nimepiga simu yako haiiti. Kazini nimekata nondo ya mtu fupi, bosi ameniuliza akili yangu iko wapi.

Kama umekasirika kwa sababu nilikuambia ufunge, nisamehe. Kama unaumwa, mtu akuandikie. Mstari mmoja tu, mama, hata uwe wa matusi.

Mwanao.


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata. Naandika kutoka rumande, karatasi nimepewa na wakili, binti wa chama cha msaada wa sheria, mdogo kwa umbo lakini askari wanamwamkia.

Sikia yaliyotokea, na usinikatize kwa hasira. Asubuhi moja Mama Vifungo alikuja na kikapu chake. Akasema, "Nakwenda zahanati, niwekee." Sheria niliitunga mimi mwenyewe, mwanangu. Majirani wawili, mzigo ufunguliwe, hata uwe wa nani. Kinyozi alikuwa palepale. Ningemwita tu. Lakini huyu ndiye aliyenishika mkono siku tulipomzika baba yako, hakuuachia mpaka jioni. Nitamwambiaje fungua kikapu nikione? Ulimi ulikataa. Nikakiweka juu ya mlango wa baba yako, mbele ya dunia nzima, nikaendelea kukata nguo.

Askari walifika kabla ya chai ya saa nne. Hawakwenda kwa mtu mwingine yeyote, walikuja moja kwa moja kwenye kikapu. Chini ya vifungo kulikuwa na dawa. Na sasa mtaani wanasema, hata yule aliyeng'oa mlango wa kwanza alikuwa anauza. Wakili ananiambia milango miwili imesharudishwa.

Wananiuliza kikapu ni cha nani. Nimesema niliwekewa. Na nani? Nimenyamaza. Mpole alimwendea Mama Vifungo akamtajia darasa la mjukuu wake na dawati analokalia. Amenipenyezea habari hiyo wakili, na wakili kaambiwa na Mama Vifungo mwenyewe akilia, ila kusema mbele ya watu hathubutu. Nikimtaja, watammaliza yeye au mtoto. Nisipomtaja, nitafungwa mimi, na mtaa utarudi mikononi mwa Mpole. Nimepinda huku na huku, sijaona njia. Kesi ni tarehe kumi na mbili Juni.

Ninalala vizuri, chakula kinalika. Usije. Vijana wa Mpole wanajua sura yako.

Mama yako.


Tarehe 29 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya ngazi, nimeshuka nikakaa chini.

Nitasema linaloniwasha, halafu utanisamehe. Mtaje, mama. Mama Vifungo ni mtu mzima, alijua anachokibeba. Yeye ana mjukuu, na mimi je, sina mama? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe fundi wa nguo ndiye uliyenifundisha methali hiyo. Utu gani huu wa kumwacha mtoto wako mwenyewe yatima wa mtu aliye hai?

Nimeiacha karatasi hii siku nzima kabla ya kuendelea. Hasira imepungua, hofu haijapungua. Najua hutamtaja. Ungekuwa mtu wa kumtaja, ungekuwa pia mtu wa kufungua kikapu chake, na yasingetokea haya.

Basi nimefanya jambo bila ruhusa yako. Nimemwomba dereva apite kwa Mama Vifungo, asimtukane, asimtishe, amwambie neno moja tu kutoka kwangu: "Mama yangu bado anakuwekea."

Na utake usitake, nakuja.

Mwanao.


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile ulizosema nikiwa siwezi kukujibu. Mimi mzima, niko nyumbani. Barua hii nampa dereva anayeondoka leo, nikitumaini atakukuta kabla hujapanda gari. Ukiisoma utakuja kwa utulivu, si kwa mbio.

Juzi walinisimamisha kizimbani. Mahakama ilijaa, na benchi la nyuma walikaa vijana wa Mpole wamejipaka mafuta, naye katikati yao amekunja mikono. Hakimu aliniuliza kwa mara ya mwisho kikapu ni cha nani. Nilifungua mdomo niseme sijui. Nyuma yangu mtu akasema, "Ni changu."

Nilimjua kwa sauti. Mama Vifungo alikuwa amesimama, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Akasema, "Mheshimiwa, huyo alikuwa ananiwekea tu. Mzigo nilipewa na yule pale nyuma." Akamnyooshea Mpole kidole. Mpole hakusogea. Alitabasamu, kama anasubiri mama wa watu akae chini mwenyewe.

Hakukaa, wala hakuachwa peke yake. Fundi Viatu alisimama, akainua ile mikono, akasema, "Na mimi niliwekewa, nikakataa, nikachomwa." Akasimama kinyozi. Akasimama muuza vitambaa, yule aliyerudisha mlango wake. "Na mimi niliwekewa." Hakimu aligonga meza akawaamuru waketi, wakasema ndiyo mheshimiwa, na hakuna aliyeketi. Wakili akawa anaandika majina mpaka kalamu ikamwishia, akaazima ya karani. Mimi nilishika ukingo wa kizimba nikalia kwa sauti, sikuona haya. Nilimwangalia Mpole. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha, na mlangoni walikuwa wamesimama askari kutoka makao makuu, wasiomjua, si wale wa kituo chetu wanaokula kwake.

Mimi nimeachiwa. Mpole yumo ndani, kesi yake mwezi ujao, na shahidi wa kwanza ni mimi. Vijana wake wengine bado wanazunguka kona, kwa hiyo usidhani mambo yamekwisha. Suruali yake nimeimaliza, nimeitundika mbele wapita njia waione. Nadhani kiuno nilikiacha kipana.

Mama Vifungo amezuiwa. Wakili anasema atafanywa shahidi naye atatoka, lakini lini hajui, na mimi sitakudanganya kwamba sina wasiwasi naye. Mjukuu wake yuko kwa mke wa Fundi Viatu, anakwenda shule katikati ya wanawake wanne kila asubuhi. Mama Vifungo alipokuwa anapelekwa kwenye gari nilimsogelea. Hatukuweza kushikana, askari yuko kati. Akaniambia, "Kopo langu la vifungo liko chini ya kiti. Niwekee."

Nimelichukua. Nikamwita kinyozi, nikamwita muuza vitambaa, nikalimimina lote juu ya mlango wa baba yako. Vyeupe, vyeusi, vya koti, vya watoto vyenye samaki. Tulivichambua kimoja kimoja tukavirudisha, na mkono wangu haukusita. Ningelifanya hivyo siku ile, mwenzangu angelala kwake leo. Najua atanielewa. Nikimwona nitamwambia mwenyewe.

Jana seremala alikuja kung'oa tena ile milango miwili.

Wewe njoo, mwanangu, na kikohozi chako nikione. Kufuli usilete jingine, hilo moja nalitumia kukandamizia vitambaa visipeperuke. Ukifika hapatakuwa na cha kubisha, wewe sema hodi tu. Mtaa mzima utakuitikia.

Mama yako.