Sema Ni Panya

Mtaa wa West Indies, Eldoret

Mama Wambui mpenzi,

Naanza na mgongo wako kabla ya kuulizia watoto. Umepata nafuu? Na Wambui, lile jino limeng'oka? Mimi mwili ni mzima, baridi ya huku nimeizoea, lakini moyo haujatulia. Barua hii nampa Kamau wa lori la viazi akuletee mkononi. Sikutaka ipite posta.

Unakumbuka nilikueleza juu ya kompyuta kubwa ya ushirika wetu wa wakulima, ile ambayo mashine nyingine zote za ofisi zinaitegemea. Majuzi asubuhi niliiwasha ikalia pi, pi, pi, kioo kikabaki cheusi. Nikabadilisha waya wa stima, wapi. Nikafungua kifuniko, nikawa nachomoa kadi moja moja na kuirudisha, mpaka nikaona ile ya kumbukumbu imetoka nusu mahali pake. Nikaibana, mashine ikaanza kuamka. Furaha yangu haikufika mbali, maana diski ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kisha ikanyamaza kabisa. Majina ya wakulima wote wanaongojea mbolea, wa Sugoi mpaka Kesses, yamo humo, na mvua iko karibu.

Nilijua kilichotokea. Rafu ya mashine imepigiliwa kwenye ukuta wa mbao, na upande wa pili ni ofisi ya Meneja. Jana yake alitundika picha mpya ya Rais, kubwa kuliko ya zamani, kwa sababu wakubwa wa chama tawala walikuwa wanakuja. Alipiga msumari yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote, huku mashine ikiwa inafanya kazi. Mama Jebet, mpiga chapa wetu, aliona yote. Nilipomtazama aliinamia taipu yake.

Meneja aliniita akafunga mlango.

"Hiyo kitu imeharibiwa na nini?"

"Imetikiswa, Mzee. Ule msumari..."

"Nyamaza." Akachungulia dirishani. "Unataka niambie kamati picha ya Mtukufu ndio imeua kompyuta? Mimi na wewe tutalala wapi leo? Sema ni panya."

Jasho lilikuwa linamtoka, Mama Wambui, na baridi yote hii. Nilimhurumia. Basi mbele ya kamati ya ushirika nikasema ni panya.

Mwenyekiti akauliza, "Na funguo ya hiyo chumba inakaa na nani?"

"Na mimi, Mzee."

"Kwa hivyo hao panya ni wewe ulikuwa unafuga."

Wakacheka. Meneja naye alicheka, macho yake yakiwa mezani. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe, na hakuna aliyesema lini. Nina hasira, na sina mtu wa kumwonyesha.

Msalimie mama yangu, umwambie tu kazi ni nyingi. Ndugu yangu mwalimu msalimie pia, lakini hili usimwambie, mdomo wake hauna mlango. Ukimaliza kusoma, tia karatasi hii jikoni iungue.

Na yule ng'ombe uliyetaka kumuuza ili mje tukae pamoja, usimuuze. Watoto wakiulizia safari, waambie baba yenu bado anapaka nyumba rangi.

Ni mimi wako,
Baba Wambui