Kifaa kisicho na laini

Njombe, Jumanne

Nilikuwa sahihi na bado niko sahihi. Simu inaubana muziki hadi unabaki makapi. Kicheza muziki changu kinanipa hata pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Leo nilimweleza hivyo binti yangu Neema, kwake Makambako. Nikaongeza kwamba ubora wake mkuu ni kutokuwa na laini: hakuna wa kunikatiza.

"Nikipiga husikii, baba. Basi kaa na kifaa chako. Mimi sipigi tena."

Nilimjibu kwa hoja tatu. Hakubisha hata moja. Alinisindikiza stendi.

Sasa niko nyumbani, kwaya inaimba masikioni mwangu, safi ajabu. Simu iko mezani, mlio juu kabisa. Mara mbili nimevua hedifoni nikidhani inaita.